Mfupa Niliousoma Kaloleni

Nimekosa, wenzangu, na sitafuti huruma yenu.

Miaka ya tisini nilikuwa kibarua wa kuosha mifupa ya wanyama iliyochimbwa kwenye magofu ya mji wa kale wa pwani na kuletwa mjini kwetu. Mwalimu wa chuo aliyetusimamia aliitazama akajua watu wa karne zile walikula nini, tajiri nini na maskini nini. Mimi niliosha tu. Lakini nikirudi mtaani Kaloleni, lo! nilijifanya bingwa.

Karibu na ukumbi wa mtaa, mjane mmoja, Mama Mwende, aliuza supu. Mama yangu alipofariki, ndiye aliyenilisha mwezi mzima. Ila alipenda utani. "Niaje, daktari wa mifupa? Wagonjwa wako wamepona?" Wateja wakacheka. Mimi nikaweka moyoni.

Jumamosi moja aliniwekea bakuli la nyama laini ajabu. Nikatoa mfupa mfupi, mwembamba, hauna ncha zile nene za mwishoni nilizozoea kuona kwa mbuzi. Nikasimama nao.

"Wasee, hii si mbuzi. Hii ni dogi, ni mbwa!"

"Mwanangu, unasema nini?"

"Mimi ndio najua mifupa hapa!"

Wakaniamini. Sufuria ikapinduliwa. Mtu mmoja akambwekea Mama Mwende, wengine wakadakia, naye amesimama na upawa mkononi. Nami nilicheka. Ole wangu, nilicheka!

Jumatatu kazini mwalimu akainua mfupa wa kale.

"Mnaona hauna ncha? Huyu ni mbuzi mchanga. Ncha zilikuwa hazijashikana na mfupa, zikatoka. Nyumba hii walikula vizuri."

Ulikuwa sawasawa na ule wa bakulini! Ningeweza kwenda jioni ile ile nikasema. Sikusema, niliogopa kuchekwa.

Watoto walibweka mlangoni pake kila siku. Mwende, bintiye, akakataa kwenda shule. Mwisho wakahama. Mnafiki mimi nilienda kuwabebea meza.

"Nililetewa kambuzi kutoka Kitui," akaniambia. "Paja nilikuwekea wewe, kwa vile huna mama."

Hata hapo nilinyamaza. Nikampoteza mama wa pili kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndugu yangu, kama hujui, funga domo. Na ukijua umekosea, kimbia ukaseme siku hiyo hiyo, maana kesho ni vigumu zaidi, na keshokutwa huwezi kabisa.

Mpaka leo wazee wa Kaloleni hunishika mkono na kunishukuru kwa kuwaokoa na nyama ya mbwa. Nami huwaitikia.