Mbao ya Mti na Mbao ya Chuma

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa mkata nyasi kwenye uwanja wa gofu, Kitale. Daktari mmoja aliyekuwa akihama mji aliniachia fimbo yake, ile ambayo wachezaji huiita mbao: ya kupigia mpira uende mbali ukiwa umelala kwenye nyasi. Iliitwa mbao, lakini kichwa chake kilikuwa chuma kitupu, kikubwa, chenye uwazi ndani. Ukikigonga, kinalia kama kengele ya baiskeli.

Nikampelekea baba mkwe aione. Yeye alikuwa mkulima wa miwa kule Kabuchai, na alikuwa na mbao ya kweli, aliyopewa ujanani na mzungu aliyemlimia. Kichwa cha hiyo kilikuwa cha mti mgumu, hakizidi ngumi ya mtoto, shingo imezungushiwa uzi mweusi. Alikipaka samli kila Jumapili akitoka kanisani.

Akaigeuzageuza yangu, akaigonga kwa ukucha.

"Ati hii ni mbao?"

"Ndiyo, baba. Ya kisasa."

"Mkwe, hii ni sufuria. Wameitia mpini."

Ikabidi tupimane. Tukaenda kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, tukakubaliana kulenga mkaratusi uliosimama mwisho wake. Nyuma ya mti huo kulikuwa na jiko la mama mkwe, na hapo moyo wangu ukasita. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani.

"Usijali," mzee akasema. "Miaka yote hii mpira haujawahi kufika huko."

Akaanza yeye. Tok! Sauti tamu, kama ya kupasua kuni kavu. Mpira ukaenda chini chini, umenyooka, ukalala katikati ya shamba. Akaniambia siri ya mti ni kuupiga mpira katikati kabisa. Ukikosea kidogo tu, mikono inakufa ganzi mpaka jioni.

Nami nikapiga. Nilikosea vibaya, lakini ile fimbo haikujali makosa yangu. Kling! Mpira ukapaa, ukapita juu ya mkaratusi, tukasikia mabati yakilia, kisha kishindo cha chungu.

"Nani anatupa mawe kwenye mboga yangu?" Sauti ya mama mkwe. Na nyayo zake zikija.

Nilijitupa ndani ya miwa iliyokuwa kando ya shamba, fimbo na mimi. Yeye, mumewe alipomwambia ni mkwe, akapiga yowe, akajifunika kanga kichwani na kujificha nyuma ya ghala. Baba mkwe akabaki peke yake peupe, hana wa kumtazama.

"Mwambie mkwe," mama akasema kutoka nyuma ya ghala, "mpira wake uko ndani ya kunde."

"Mkwe, mpira wako uko ndani ya kunde," mzee akarudia, ingawa nilisikia vizuri.

"Mwambie mama naomba msamaha," nikasema kutoka miwani, majani yakinikata masikio.

Akamwambia. Kisha mama akasema, "Na wewe, mzee, ya kwako mbona haijawahi kufika hata kwenye mti?"

Hilo hakulirudia kwangu. Alisimama tu akiitazama samli ya fimbo iliyobaki mikononi mwake, na mimi nikamwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

Mama aliporudi jikoni, nilitoka. Mzee akaomba kujaribu sufuria, mara moja tu. Mpira ukavuka mkaratusi, ukavuka na boma la jirani.

"Umeenda wenyewe," akasema. "Mimi sikuupiga." Lakini hakunirudishia fimbo. Aliniwekea ile ya mti mkononi, naye akaondoka na yangu begani.

Niliporudi Kitale, asubuhi uwanja ukiwa mtupu, niliipigia mpira mara moja. Kichwa kikachomoka, kikaruka mbali kuliko mpira. Nilikaa wiki nzima nikitafuta maneno, mwisho nikampigia simu.

"Kimechomoka?" akauliza. "Si hicho huchomoka kila mwaka! Mimi hukigandisha kwa ulimbo. Sasa niache, mkwe, niko shambani. Mama yako amesimama kwenye mkaratusi, ananihesabia hatua."