Vitambaa vya Mama Mkwe na Somo la Dhambi

Hii aibu hata nikiisimulia leo masikio yanachoma, lakini kwa vile mume wangu ameshaisambaza nusu ya Kilimani kwa namna anayoipenda yeye, acha niwape ile kamili.

Mama mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na mimi nilikuwa nautafuta ualimu wa watoto wa Jumapili, nafasi ambayo bila yeye kutikisa kichwa huipati hata ukija na barua ya malaika. Akasema atakuja kwetu na wenzake kutoka Loresho waone nalea wanangu namna gani. Sawa. Nikafanya kile ambacho kila mke wa fleti zetu hufanya mama mkwe akija: nikatoa kabatini vitambaa vyake (vile vyeupe vya maua, alivyotushonea kwa mkono, na ambavyo havilingani na kitu chochote nilichonunua mimi) nikavitandika juu ya makochi.

Hapo ningetulia. Lakini mwalimu mtarajiwa nikaona fursa, nikamwita binti yangu Shiku, wa gredi ya kwanza, nikamwonyesha mkono wa kochi.

"Unaona kulivyo safi? Sasa funua."

Akafunua. Doa la juisi, lake mwenyewe.

"Dhambi ni hivyo hivyo, mama. Watu wanaona kitambaa, Mungu anaona doa. Mtu mwaminifu hafuniki."

Akaelewa sana. Nami nikajiona nabii.

Wageni wakafika, chai ikamiminwa, mama mkwe akapapasa vitambaa akiwaambia wenzake, "Hawa wangu hawajatupa kazi ya mikono yangu." Kisha akaniangalia. "Na kile kikubwa cha meza?"

"Nimekipeleka kufuliwa, Mum," nikasema, laini kama siagi.

"Hapo mama amefunika," akasema Shiku.

Nikacheka kile kicheko cha meno tu, nikamwambia aonyeshe wageni alichojifunza, nikidhani (akili zangu nazo) atakariri mstari wa Biblia akae chini. Akafunua kochi la kwanza, doa, akafunua la pili, doa, akawaeleza wageni kwa upole kwamba vitambaa hulala kabatini mpaka cucu, yaani bibi yake, akija kutembea, halafu akaenda zake kwenye baraza, kwenye ndoo, akarudi na kitu cheusi kinachodondoka maji.

"Cucu, kile cha meza ni hiki. Baba huosha nacho gari. Mama ndiye alimpa."

Mume wangu akagundua ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Mama mkwe alikipokea, akakitandaza kwenye magoti juu ya nguo yake nzuri. Nilingoja matusi, na wallahi ningeyafurahia.

"Hiki nilikishona hospitalini," akasema polepole, "nikikaa na baba yenu, zile siku zake za mwisho. Mikono ilitaka kazi." Akakikunja hivyo hivyo kilivyo kibichi, akakitia mkobani. Kisha akamvuta Shiku karibu. "Nani alikufundisha kufunua?"

"Mama."

"Basi anajua kufundisha. Tutampa hao watoto."

Ndiyo, kazi nikapewa, papo hapo, mbele ya mashahidi, na sijawahi kupewa kitu kikaniuma hivyo. Siku hizi nafundisha kwa mdomo mtupu, bila kushika kitu cha mfano, hata kijiko. Vitambaa viko kwenye makochi Jumatatu hadi Jumapili, na vinanipendeza, msiniulize tangu lini. Kile cha meza hajakirudisha, na mimi sina uso wa kukiomba.