Kipaji Alichonyonya Ojangole

Ojangole wa Buteba alikuwa akisema kwamba katika maisha yake alifanya jambo moja tu la kusifika, nalo alilifanya kabla ya kuota meno. Siku ya kupewa jina, bibi yake Akwi alichovya kidole katika pombe ya wimbi, akamtia mdomoni huku akitaja majina ya wazee wa ukoo, kama Wateso wafanyavyo mpaka mtoto anyonye jina alitakalo. La kwanza mtoto alilitema. La pili aligeuza uso. Alipotajiwa Ojangole, jina la marehemu mume wa Akwi, alikivamia kidole akakinyonya kwa nguvu, ikabidi kichomolewe.

Watu walishangilia, maana marehemu hakuwa mtu hivihivi. Alikuwa mpiga akogo, kile kinanda kidogo cha ubao chenye njiti za chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba, na ilisemekana kwamba akipiga penye msiba waombolezaji walisahau kilichowaleta. Basi babu amerudi, wakasema, na vidole vyake amekuja navyo. Akogo ya marehemu ikatundikwa ukutani imngoje mwenyewe akue.

Mwenyewe akakua, na kwa kweli kutunza kipaji kulimchosha sana. Hakushika jembe msimu wa pamba, asije akaharibu vidole. Hakukamua ng'ombe. Akogo nayo hakuigusa, kwa sababu kujifunza ni kazi ya wasiojua, na yeye alikuwa anajua tayari. Kilichobaki ni kupiga tu. Akiulizwa atapiga lini, alivitazama vidole vyake kwa huruma na kusema bado vimelala. Bibi Akwi, ambaye kwa sababu ya jina lile alimwita mume wangu, alimwomba kitu kimoja miaka yote: ampigie wimbo ambao marehemu alimposea. Ojangole alimwahidi kesho. Kwa kesho alikuwa mkarimu mno.

Nyumba ya pili alikaa Okware, kijana wa rika lake, ambaye ukoo wake haukuwahi kutoa mpiga chochote. Vidole vyake vilikuwa vinene, akibonyeza njiti moja zinalia mbili. Alijitengenezea akogo kwa spoki za baiskeli mbovu, akaipiga juu ya kichanja alipokaa kufukuza ndege wa wimbi. Alipiga vibaya hivi kwamba ndege walitoroka siku za mwanzo, kisha wakazoea, wakarudi kula. Mama yake alimsihi akapigie porini. Ojangole alimhurumia kwa dhati, akasimama chini ya kichanja kumshauri.

"Ndugu yangu, wacha hii kitu. Hii iko ya watu wamezaliwa nayo."

"Nasikia," Okware akajibu. "Nakwenda kuacha kesho." Akaendelea kupiga.

Miaka ikaenda. Vita vikaja vikaisha, na askari waliporudi kutoka Bama huko Asia na kushuka garimoshi pale Tororo, aliyeitwa kuwapokea kwa akogo alikuwa Okware. Akaitwa harusini hata ng'ambo ya mto Malaba. Ojangole alikwenda kumsikiliza, akakaa mbele kabisa, akawa anatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi mzito. Wakati huo alikuwa na mke, Agwang, na watoto wengi, na vidole laini kuliko vya padre.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno ya wimbi, Bibi Akwi, ambaye macho yalikuwa yameshazimika, aliacha kula. Akasema hataki dawa. Anataka wimbo wake. Hapo kesho zote zikawa zimekwisha. Alasiri moja watu waliketi kukizunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake. Agwang akaitungua akogo ukutani, akaipangusa vumbi, akamtoa na buibui aliyekuwa mpangaji wa siku nyingi.

Ojangole alifumba macho ili babu apite. Babu hakupita. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu anayetafuta ufunguo ndani ya debe la misumari. Akajaribu tena, akiamini kwamba damu ya ukoo ilikuwa bado inapata moto. Mzee mmoja akakohoa. Mtoto wake mwenyewe akauliza kama baba anaitengeneza.

"Wacha hapo, mume wangu," Bibi Akwi akasema. "Okware iko?"

Okware alikuwepo. Aliipokea akogo, akaupiga wimbo ule mwanzo hadi mwisho. Kumbe bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, akimwimbia jikoni huku yeye akiutafuta njiti kwa njiti. Bibi akalia bila kujificha. Ojangole naye alilia, ila machozi yake yalikuwa ya aibu.

Watu walipotawanyika, alimsogelea. "Bibi, vidole ya babu imeenda wapi?"

"Vidole gani? Ile mzee alikuwa napiga vibaya mpaka baba yangu alimfukuza na fimbo. Akarudi. Akafukuzwa. Mimi nilikubali yeye kwa sababu masikio ilichoka." Bibi akacheka. "Kujua alijua nyuma, tukiwa na watoto."

"Na ile siku ya jina? Si mimi nilinyonya?"

"Mama yako alikuwa amechelewa shamba. Wewe ulikuwa na njaa. Hata ningetaja jina ya DC, ungenyonya."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia piga. Ningesema nini ingine?"

Kesho yake Ojangole, mtu mzima mwenye mvi za kuanzia, alikwenda kwa Okware na akogo kwapani akaomba kufundishwa. Vidole laini vilitoka malengelenge, vikapasuka, vikatoka mengine. Agwang alisema mbuzi wamepunguza maziwa. Lakini bibi alirudi kula uji, na kila jioni alikaa nje ameegemea ukuta, akisikiliza. Mjukuu akikosea, alisema tu, "Rudia." Ojangole alirudia.

Alifika katikati ya wimbo pamba ilipoanza kutoa maua, na hapo ndipo Bibi Akwi alipofariki.

Msibani walimtaka apige yeye, mwenye jina. Alipiga, na alipiga vizuri. Nyuma yake mzee mmoja akanong'ona, "Ona damu ya babu yake." Ojangole aliona hasira, akatamani kumgeuzia vidole avione. Halafu akafika katikati, mikono ikasimama. Mbele ya hapo hakuwa na kitu. Bibi alimwomba wimbo mmoja tangu utoto wake, na yeye, aliyebembelezwa kuliko wote, alimpa nusu. Hakuweza hata kujicheka.

Akampa Okware akogo.

"Malizia bibi," akasema. "Mimi nilifika hapa."

Okware akaipokea, akaanzia palepale Ojangole alipoishia.