Sauti ya Gari Kwenye Kona ya Mwisho

Pikapu ya baba ilikuwa na kilema ambacho sisi nyumbani hatukukiona kuwa kilema. Ikifika kona ya mwisho, pale njia inapopinda na kupanda ghafla kuelekea getini kwetu, magurudumu ya nyuma yalianza kuruka. Hayakuteleza, yaliruka: du-du-du-du, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Bodi nzima ilitetemeka, mnyororo wa mlango wa nyuma ukapiga kelele, kisha matairi yakashika na gari likapanda. Ukiwa jikoni uliisikia sauti hiyo kabla ya kuisikia injini.

Mama akiisikia, aliacha alichokuwa anafanya, akaenda kuvuta geti. Geti letu ni la miti ya mkaratusi, linavutwa pembeni. Lilipaswa kufunguliwa mapema, kwa sababu gari lenye mzigo likisimama pale mlimani wakati wa mvua halikuweza kuondoka tena. Liliwahi kurudi kinyumenyume hadi kwenye migomba ya jirani, mara mbili. Basi huo ukawa utaratibu wao. Gari linaruka konani, mama anafungua, baba anaingia bila kusimama huku ametoa mkono dirishani. Mama anasema, "Umechelewa." Baba anajibu, "Mzigo." Sikumbuki wakisalimiana kwa maneno mengine.

Mimi niliondoka nyumbani nilipomaliza kidato cha nne. Nimekata mkonge Korogwe, nimeuza mitumba Songea, nimekuwa utingo wa malori kati ya Kahama na Mpanda. Sijawahi kukaa mahali nikaona inatosha, na kila mahali nilipokaa nilikuwa nikiongea habari za Lushoto mpaka watu wakachoka. Mama akinipigia simu kuuliza nitarudi lini, nilimjibu, "Niko njiani, mama." Nilimjibu hivyo kwa miaka. Baba alipofariki nilikuwa Mpanda. Nilifika siku mbili baada ya mazishi, nikaonyeshwa udongo na mashada yaliyokwisha kunyauka, nikakaa wiki moja, nikaondoka.

Niliporudi tena ilikuwa msimu wa matunda ya mapeasi, baba akiwa na miaka mitatu kaburini. Nilimkuta mama amekaa kwenye benchi nje ya jiko anamenya viazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mbali?"

Nikasema nimetoka mbali. Akasema pole, akanipa kisu nisaidie kumenya. Kwa kuwa alimwita kila mtu mwanangu, ilinichukua siku tatu kuelewa kwamba hanijui. Siku ya nne aliniuliza shule inafungua lini. Alidhani mimi ni mwalimu aliyepanga chumba cha uani.

Lakini jioni ile ya kwanza, tukiwa bado na viazi mkononi, nikasikia du-du-du-du kule konani. Mama akainuka upesi kuliko nilivyodhani angeweza. Nyonga yake ilikuwa mbovu tangu alipoanguka kisimani, hata hivyo aliinuka.

"Tate huyo," akasema. Ndivyo alivyomwita baba akimsikia anakuja, kama sisi watoto tulivyomwita kwa Kishambaa.

Akavuta geti. Pikapu ikaingia bila kusimama, imejaa kabichi, na mkono ukatoka dirishani. Ulikuwa mkono wa mdogo wangu, ambaye ndiye anayeliendesha gari sasa.

"Umechelewa," mama akasema.

"Mzigo," akajibu mdogo wangu.

Mama hakungoja kuona nani anashuka. Aliligeukia jiko, akapakua chakula, akala na sisi akiwa ametulia kabisa. Baadaye nilimuuliza mdogo wangu kama huwa hivyo kila siku.

"Kila siku. Akishafungua geti basi, kwake mzee ameshafika. Haulizi tena."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi mzee ameshatoka kwenda kazini. Si ndivyo ilivyokuwa?"

Ningeweza kuliacha jambo hilo lilivyo. Sikuliacha kwa sababu ya safari ya kliniki. Kila mwezi mama hupelekwa Lushoto mjini kupimwa presha, na safari hiyo niliwapeleka mimi nikiwa kwenye usukani, mdogo wangu nyuma. Kwenda kulikuwa kwema. Wakati wa kurudi, kila tulipokuta mwinuko wenye mashimo kule juu ya Magamba, ekseli ya nyuma ilirusha gari, na mama aliruka nalo. Alishika dashibodi kwa mikono miwili. Hakulia kwa sauti. Nilimtazama nikaona machozi yameshuka mpaka kidevuni, naye akaniambia kwa adabu kabisa, kama unavyomwambia dereva usiyemfahamu, "Baba, huwezi kwenda taratibu kidogo? Kiuno changu."

Nilikuwa nakwenda taratibu. Nikaapa moyoni kwamba kabla sijaondoka tena hilo gari litaacha kuruka. Sikuwa nimemfanyia mama jambo lolote la maana katika maisha yangu, na hili niliona naliweza.

Nikaanza kwa kununua shokapu mpya mbili za nyuma. Tukazifunga mimi na mdogo wangu, tukajaribu konani, na gari likaruka vilevile.

"Fundi wa Mpanda huyo," mdogo wangu akasema, akijifuta grisi. "Malori ya huko lazima yanaruka mpaka Kongo."

Nikalipeleka mjini, kwa fundi mmoja mzee ambaye gereji yake ni uwanja tu na mti wa kuning'inizia injini. Alinisikiliza, akazitazama zile shokapu zinazong'aa.

"Hizi umefunga wewe?"

"Mimi, mzee."

"Mgonjwa wako anaumwa jino, wewe umemnunulia kandambili."

Aliingia chini, akaniita nami nikalala kwenye boksi pembeni yake. Akanionyesha vipande viwili vya mti wa mkulo vilivyokaa kati ya springi na ekseli. Nilivijua. Baba, aliyefanya kazi ya kupasua mbao Magamba kabla hajanunua gari, alivichonga mwenyewe ili kuinua pikapu isikwaruze tumbo kwenye matope. Kimoja kilikuwa kimepasuka katikati.

"Huyu aliyeweka magogo alitaka gari liwe refu," fundi akasema. "Amelipata refu. Sasa sikiliza. Ukikanyaga mafuta mlimani, tairi linataka kwenda, ardhi inalizuia. Ekseli inatafuta pa kwenda, inajipinda juu ya springi. Na hapo katikati umeiwekea gogo, inapinda kwa nguvu kama mtu aliyepewa mti wa kung'olea kisiki. Springi nayo imechoka, inafuata. Ikishindwa, inaachia. Inapinda tena, inaachia tena. Huko ndiko kuruka."

"Dawa yake?"

"Magogo yatoke. Pleti ndefu za springi zibadilishwe, zote mbili, na zibanwe vizuri upande wa mbele. Halafu nitakutengenezea mkono wa chuma, utoke kwenye ekseli uje kwenye chesisi, fremu ya gari, na bushi ya mpira mbele ili springi ipate kucheza. Ekseli ikitaka kujipinda, mkono unaikatalia."

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa pale nje anatusikiliza. Nilipotoka chini akaniambia polepole, "Kaka, mama anaijua ile sauti."

"Atazoea nyingine."

"Sijui."

"Unataka aendelee kupigwa kiuno?"

Akainuka akaenda kukusanya spana. Swali lile hata leo najiuliza. Ila alichokisema nilikisikia. Siwezi kusema sikuambiwa.

Kazi ilichukua siku mbili. Nilishika taa, nilishika jeki, niligonga yubolti za kubania springi zilizokataa kufunguka mpaka mabega yakauma. Nilikuwa na furaha. Fundi alipochomelea ule mkono wa chuma, nilisimama pale naangalia cheche kama mtu anayejengewa nyumba. Zile pleti za zamani sikuziacha gereji. Kule kijiji cha Mlola yuko mhunzi anayefua majembe kwa chuma cha springi, nikampelekea siku ya soko. Akanifulia majembe mawili, nikaona la kwanza nitampa mama, ashike mkononi kitu kilichotoka kwenye gari la mumewe.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akalipima uzito.

"Zuri. Mzee akija atalitia mpini."

Jioni hiyo mdogo wangu alirudi na mzigo wa karoti. Nilikuwa nimekaa na mama kwenye benchi, nasubiri nimwone anavyofurahi. Gari likaja. Lilipita konani kimya, matairi yakinung'unika tu kwenye changarawe, likafika getini, likakuta geti limefungwa. Likasimama pale mlimani, na mzigo wake wote, wala halikurudi nyuma hata kidogo. Mdogo wangu akapiga honi.

"Kuna mgeni," mama akaniambia. "Hebu kamwangalie, mwalimu."

Nikafungua mimi. Gari likaondoka palepale liliposimama, likapanda bila shida. Nilipaswa kushangilia. Mdogo wangu hakutoa mkono dirishani, aliniangalia tu wakati anapita.

Mama alimkaribisha mdogo wangu kama anavyokaribishwa mtu wa kanisani. Akampa kiti, akampa chai. "Mwenyewe bado hajarudi," akasema. "Lakini hakawii." Yeye mwenyewe hakula. Katika maisha yake yote hajawahi kula kabla baba hajafika.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Siku ya nne alikuwa haketi tena kwenye benchi. Alisimama getini tangu saa kumi, akishikilia mti wa mkaratusi kwa ajili ya ile nyonga, anasikiliza. Magari mengine yalipita chini barabarani, kila moja alilisikiliza mpaka likaisha. Kisha akanigeukia.

"Wewe mwalimu unasoma magazeti. Kuna gari limeanguka?"

"Hakuna, mama."

Nikarudi kwa fundi. Nikamwomba arudishe gari lilivyokuwa. Akaweka spana chini.

"Mimi nimejifunza kutengeneza," akasema. "Kuharibu hakuna aliyenifundisha."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye habari ya geti akaketi juu ya tairi, akavua kofia. Akaufungua ule mkono, akalegeza na vibano vya mbele. Nikaendesha mwenyewe hadi nyumbani, nimepakia mawe. Konani nikakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Tairi lilizunguka, likarusha changarawe, harufu ya mpira ikapanda, lakini kuruka halikuruka. Springi zilikuwa mpya na magogo hayakuwepo. Yale magogo mawili yalikuwa yamechemshia chai pale gereji. Zile pleti zilikuwa majembe. Nilirudi nyuma nikajaribu tena, mara tatu, mara nne, na mama yuko juu getini ananitazama.

"Hajui kuendesha huyo," nilimsikia anamwambia mdogo wangu. "Mzee angemwonyesha."

Tuliurudisha ule mkono wa chuma asubuhi iliyofuata, maana mdogo wangu alisema kama hauleti sauti basi angalau umwokoe kiuno. Na kwa kweli umemwokoa. Safari ya kliniki iliyofuata mama alisinzia tangu Lushoto mpaka nyumbani, kichwa kwenye kioo. Tulipofika konani aliamka, akatazama geti.

"Baba yenu amekufa, eh?"

Ilikuwa mara ya kwanza kutuita watoto wake tangu nije. Mdogo wangu alizima gari palepale mlimani.

"Amekufa, mama," nikasema. "Mwaka wa tatu huu."

Alilia kama watu wanavyolia siku ya msiba, mikono kichwani, na sisi tukalia naye ndani ya gari, mimi nikilia msiba ambao sikuuwahi. Nilifikiri, sasa limekwisha, ameshajua, atapumzika. Asubuhi yake alikuwa amesahau kila kitu. Saa kumi jioni alikuwa getini.

"Mbona mzee hajarudi?" akaniuliza.

Kumwambia tena nilishindwa. Nikasema, "Yuko njiani, mama." Nilipolisikia neno hilo kinywani mwangu nikalitambua. Yeye akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyewahi kuambiwa hivyo mara nyingi na akakubali kusubiri.

Niliondoka juma lililofuata. Nimeandika sentensi hiyo mara kadhaa nikitafuta namna ya kuiandika vizuri zaidi, sijaipata. Mdogo wangu alinishusha stendi, gari likiteremka kimya, akaniambia nisijilaumu sana. Sasa niko Kahama. Huku kuna pikapu moja ya maji inayoruka ikipanda tuta la reli, na kila ikipita mimi husimama.

Juzi nilimpigia simu mdogo wangu. Aliniambia sasa ameacha kupiga honi. Akifika konani anasimamisha gari chini, linasimama vizuri tu, anapanda kwa miguu mpaka getini, anamwamkia mama aliyesimama pale.

"Umempita mzee wangu huko njiani?" mama humuuliza.

"Nimempita, mama. Yuko nyuma yangu."

"Ana mzigo?"

"Ana mzigo."

"Basi atachelewa," mama husema. Halafu huenda jikoni, hula kidogo, na sahani ya baba huifunika kwa sahani nyingine.