Spika ya Kushoto

Mke wangu alipohamia chumbani na simu yake, akawa anatazama tamthilia zake huko kitandani peke yake, nilijua papo hapo kwamba tatizo ni televisheni. Mwanaume mwingine angemuuliza mkewe. Mimi niliiuliza televisheni. Nilikaa mbele yake, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasikia watu wanaongea kama wamefungiwa ndani ya debe. Nikasema ndiyo hii iliyonifukuzia mke sebuleni, na mke wangu atarudi kwenye kochi hili kwa gharama yoyote, ilimradi isiwe kubwa.

Kazi yangu ni kusaga nafaka. Nina mashine moja, kibanda kimoja cha mabati, na vumbi la unga ambalo sasa ni sehemu ya nyusi zangu. Mashine ikianza kuunguruma husikii hata ukitukanwa, kwa hiyo sisi wasagaji tunasikiliza kwa mkono. Unaweka kiganja kwenye bodi ya mashine, nacho kinakwambia beringi imelegea, mkanda umekaza mno, au mteja kaleta mahindi yenye changarawe. Kiganja hiki kimenipa jina mjini. Nikaona hakitashindwa kuchagua spika za kuisaidia televisheni.

Nilimchukua shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi ikakaa muda mrefu bila kuunguza mtu. Nikamweleza mpango: nataka kitu cha bei ya chini, kisafishe sauti ya televisheni ili dada yake arudi sebuleni, na siku nikiwa peke yangu nipige muziki wangu wa ujana.

"Shemeji, dada mwenyewe umemuuliza lakini?"

"Nataka nimshtukize."

"Haya bwana. Usije ukashtuka wewe."

Dukani muuzaji alitupokea vizuri. Alituonyesha spika moja ndefu na nyembamba ya kuweka chini ya televisheni, akasema kwa anayetaka kusikia maneno tu inamtosha kabisa. Akatuonyesha sabufa, lile sanduku la mdundo linalofanya vikombe vitembee kabatini. Halafu, pembeni kabisa, akafunua amplifaya ya mtumba na spika mbili za mbao.

"Hii ndiyo sterio yenyewe, bosi. Moja kushoto, moja kulia, wewe unakaa katikati. Mwimbaji utamsikia kama kasimama mbele yako."

Akazipiga zote kwa zamu, wimbo uleule. Mimi sikutega sikio hata kidogo. Niliweka kiganja juu ya kila spika, nikafumba macho na kutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Watu waliokuja kununua chaja wakasimama kutazama.

"Mzee, hii haisagi," muuzaji akasema. "Wewe sikiliza tu."

"Hilo sanduku la mdundo linatetemeka ovyo. Beringi zake hazifiki mbali."

"Halina beringi, mzee."

"Ndiyo maana."

Injinia alijifanya hanijui. Nikachagua zile za mbao kwa sababu zilitetemeka kwa adabu, na nikatoka dukani nimevimba kichwa, nikimweleza shemeji siri za sauti njia nzima.

Nyumbani Injinia aliunganisha nyaya, akapanga spika moja kila upande wa televisheni. Nikakaa katikati ya kochi kama bwana harusi. Wimbo ukaanza. Spika ya kulia iliimba vizuri. Ya kushoto ilikuwa kimya.

"Tumeuziwa mbovu!" nikasema.

"Inalia, shemeji."

"Inalia wapi? Badilisha nyaya."

Akabadilisha nyaya. Kushoto kimya. Nikamwamuru azibebe spika zenyewe azihamishe, ya huku iende kule. Akazihamisha huku anahema. Kushoto kimya. Mtu mwenye akili angeanza kujitilia shaka hapo. Mimi nilitilia shaka ukuta. Nikasema huenda upande ule una unyevu unaomeza sauti, nikaanza kuvaa viatu ili nikamshike muuzaji shati.

Mke wangu akatoka chumbani kwa zile kelele. Akazitazama spika, akanitazama mimi na kiatu changu kimoja mguuni.

"Zinalia zote mbili," akasema.

"Hata wewe?"

"Baba watoto, hebu simama. Geuka, utazame mlango."

Nikageuka kwa jeuri, nimeipa televisheni kisogo. Ile spika mbovu ikafufuka palepale, ikaimba vizuri kabisa. Ile nzima ikafa. Nikageuka tena, zikabadilishana. Nikazunguka pale katikati ya sebule mara kadhaa kama kuku aliyekatwa kichwa, mpaka mwenyewe nikaelewa kilichoharibika. Kazini, mashine huwa kushoto kwangu. Miaka yote hiyo imekuwa ikiningurumia sikio lilelile.

Injinia alikwisha kuanza kucheka, lakini dada yake hakucheka. Alikuwa analitazama kochi.

"Mimi huwa nakaa upande gani?" akauliza polepole.

Hukaa kushoto kwangu, karibu na dirisha, tangu tuliponunua kochi.

"Kumbe ulikuwa hunisikii?" akasema. "Naongea, naongea, wewe macho kwenye mpira. Nikadhani umenichoka."

"Na mimi nikadhani umeichoka televisheni."

Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani. Mtu mzima, ninayetambua beringi mbovu kwa kugusa, na nilikuwa nimemnyamazia mke wangu bila kujua. Injinia akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akaaga na kuondoka.

Mke wangu akaja kukaa kulia kwangu. Nikaokota rimoti haraka nimwekee tamthilia yake, ausikie ule usafi wa sauti niliougharamia.

"Zima kwanza," akasema. "Kesho unakwenda kupimwa hilo sikio. Leo nina mambo ya kukwambia."

Nikazima. Akaanza na ile siku aliyoniomba nimsindikize hospitali kuchukua majibu ya uvimbe wa kwenye titi, mimi nikaendelea kutazama mpira, naye akavaa akaenda peke yake. Majibu yalikuwa mazuri, alisema, na uvimbe wenyewe ulikwisha zamani. Alisema hayo kwa sauti ya kawaida tu, na nililisikia kila neno. Nikaogopa jambo ambalo lilikwisha kupita bila mimi. Nikamshika mkono, nikamwomba anieleze tena, tangu mwanzo.