Rangi Iitwayo Damu ya Mzee

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizokaa hapa Dubai, mwanangu, ilianza kwa Wekesa kukata simu na kukemea mapepo.

Tulikuwa mafundi wa makochi, mimi na yeye, katika karakana moja ya kushona majlisi: yale magodoro marefu ya kukalia na mito yake, yanayozunguka kuta za sebule. Wekesa ni mtu wa Bungoma, mlokole, na mkono wake ulikuwa unakaza kitambaa hata nzi akitua anateleza. Mimi wa Tanga, mwembamba wakati huo kiasi kwamba nikisimama upande, arbabu, yaani tajiri wetu, aliuliza nimekwenda wapi. Usicheke. Tumbo hili nimelijenga kwa miaka.

"Nini tena?" nikamuuliza.

"Kuna mama amepiga kutoka mtaa wa Al Warqa," akasema, jasho linamtoka na kiyoyozi kinavuma. "Anaongea Kiswahili kitamu kabisa. Halafu ananiambia, nataka damu ya mzee, ya kutosha majlisi nzima, kabla ya Ijumaa. Nikamwambia mama, sisi hapa tunashona viti tu. Nikakata."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwao bara neno hilo wengi hawalijui. Ule wekundu uliokolea, unaokaribia weusi lakini haufiki, sisi watu wa pwani tunauita damu ya mzee tangu tuko migongoni mwa mama zetu. Nikamweleza. Wekesa akafuta jasho.

"Na huyo mzee," akauliza, "yeye alikubali?"

Basi ningempigia yule bibi, nikamwambia ndiyo, damu ya mzee inakuja, tungemaliza. Lakini wakati huo ndio kwanza nimehitimu darasa la jioni la Kiingereza. Cheti nilikitia nailoni nikawa natembea nacho mfukoni, namwonyesha hata dereva wa basi ambaye hakuniuliza kitu. Mtu na cheti chake, mwanangu, ni kama jogoo na kilemba chake. Nikapiga simu kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Bibi, rangi hiyo siku hizi tunaiita maruni. Hilo jingine ni neno la kizamani, linatisha watu."

"Mie nimeshasema nilitakalo," akajibu, akakata.

Nikaagiza. Katika vipande vya mfano vya muuza vitambaa kilikuwapo kimoja kimeandikwa maruni. Sikukitazama, nilikisoma. Jora likaja, tukakata, tukashona. Wekesa akaniuliza, "Mbona hii ina ukahawia?" Nikamwonyesha maandishi, akaendelea kushona, maana yeye hakuwa na cheti.

Tulipoufikisha mzigo Al Warqa, yule bibi wa simu, Bi. Zuwena, alikuwa kitini, kanga mabegani. Ni mzaliwa wa Unguja, aliyeolewa akaletwa huku angali msichana. Akauchukua mto mmoja, akaugeuza, akaupeleka dirishani.

"Hii nini?"

"Maruni, Bibi."

"Na maruni ndiyo nini?"

"Ni rangi."

"Najua ni rangi, mwanangu, sijapofuka. Rangi ya kitu gani?"

Kiingereza chote nilichokuwa nacho kilitoka kwa mlango wa nyuma bila kuniaga. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Ijumaa ile, na wageni wa kike wangekaa juu ya kazi yangu. Madam, bintiye, alikuwa tayari kwenye simu na arbabu wetu, na arbabu alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba nadhani walimsikia mji wa jirani, Sharja. Nilichookota ni hiki tu: khalas, yamekwisha, Ijumaa ikifika majlisi haiko sawa, fundi huyo atakwenda kumsalimia mama yake Tanga, na tiketi ni ya kwenda tu.

Bi. Zuwena akamwashiria bintiye ashushe simu. "Kaa kitako," akaniambia. Nikakaa chini kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Binti yangu huyu anaiita annabi. Kiarabu hicho. Kuna tunda laitwa unnabu, ndugu yake kunazi, likikauka huwa na wekundu huo. Waarabu walitazama tunda. Sisi tulitazama nini?"

"Damu, Bibi."

"Ya nani?"

"Ya mzee."

"Kwa nini isiwe yako wewe?"

Nikainama.

"Aliyelitamka kwanza simjui, wala sidhani yupo amjuaye. Ila bibi yangu alinambia hivi. Ujikate kidole sasa hivi, damu yaruka, yang'aa, ina makelele. Iwache juu ya nguo ikae. Itatulia, itakoza, na hapo hata ukifua haitoki. Ya kijana yaonekana, ya mzee yabaki. Wazee wetu waliuona wekundu uliokaa, wakasema huu ndio wenye heshima, wakampa mzee. Wewe wanambia la kizamani. Ehe. Ndiyo sifa yake hiyo."

Nikadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo, kijana. Waniazimia jina, hata mwenyewe hulijui maana, wataka nilikalie?"

Nimekemewa na watu wengi maishani, mwanangu, wengine kwa kipaza sauti. Hakuna aliyenikemea kwa upole kama ule, na hakuna aliyeniuma zaidi. Akaingia ndani, akatoka na kisutu, kanga aliyovaa siku ya harusi yake, wekundu wake umekolea kana kwamba umetiwa jana. Akaniwekea mapajani. "Nenda nayo. Usisome kitu. Tazama."

Tukaingia soko la vitambaa la Deira na Wekesa, duka kwa duka, Mungu anisamehe, yalikuwa kama elfu. Kila jora tunalilaza kanga juu yake, tunainama, tunatikisa kichwa, tunatoka. Mwisho wake tukafika kwenye jora la mahameli, na kanga ilipolala pale sikuuona mpaka kati ya wekundu huu na ule. Wa kwanza kusema hakuwa mimi mtu wa pwani.

"Hii ndiyo damu ya mzee," akasema Wekesa.

Muuzaji akauliza tumeiitaje. Nikamtafsiria kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, akacheka, kisha akamwita kaka yake aje asikie.

Tukashona, Wekesa akiimba mapambio, arbabu akipita pita mlangoni bila neno. Ijumaa asubuhi tulipomaliza kupanga, Bi. Zuwena akakaa wa kwanza, akapitisha kiganja juu ya mahameli, akakiacha hapo. Mgeni mmoja aliyewahi akamuuliza kwa Kiarabu rangi hii nzuri inaitwaje.

"Muulize fundi," akasema bibi.

Sindano ingali kolani mwa shati langu, nikalisema. Damu ya mzee. Nikaeleza na sababu yake. Wakalirudia wale kina mama, wakalivunja vunja, wakalicheka, wakalipenda. Siku hiyo nilisimama mrefu mpaka nikahofia taa za dari. Na baada ya harusi ile walikuja wateja karakanani, Waarabu kwa Wahindi, wakiuliza "damu mzee" kwa jina. Arbabu mwenyewe aliliandika kwenye kipande cha mfano, kwa herufi za Kiarabu.

Baadaye nilimuuliza mwalimu wetu wa jioni. Akaniambia maruni ni neno lililotoka kwa Wafaransa, ni jina la kokwa yao fulani ya kahawia wanayoichoma kwenye makaa. Kumbe kitambaa kile cha kwanza hakikunidanganya. Niliagiza kokwa, nikaletewa kokwa.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Kasome. Cheti changu mpaka leo kiko ukutani hapa mtaani kwangu, International City, na anayeingia bila kukitazama simkaribishi chai. Jifunze lugha zote za mji huu, kila moja ina mlango wake. Lakini kabla hujalitupa neno la kwenu, liulize lilikuwa linatazama nini. Na kabla hujalichukua la wenzako, liulize hivyo hivyo. Anayeulizwa rangi ya kitu gani akakosa jibu, huyo anavaa asichokijua. Mkataa kwao ni mtumwa, na hakuna arbabu anayeweza kumpa ruhusa ya kuondoka utumwani.

Nenda ukaanze kazi, Mola akutangulie. Akujaalie wakubwa watakaokukemea mapema na kwa upole, akulinde na ugeni wa roho, na siku atakayokurudisha nyumbani, ukute ulimi wako umefika kabla ya mizigo.