Ganda la Risasi Lililokwama Siku ya Posa

Hili nimelificha miaka mingi, na nisingelisema leo kama shemeji yangu asingeanza kulisimulia kwa kuongeza chumvi, kwa hiyo bora mlisikie kwa mwenye aibu yake.

Wakati huo tulikaa ghorofa ya nane pale Dixon Road, huku ughaibuni, na nilikuwa na bunduki kuukuu ya kuwindia kulungu, niliyouziwa kihalali na mzee mmoja wa kazini aliyestaafu. Risasi zake haziuzwi tena, inabidi uchukue maganda matupu ya risasi za aina nyingine, uyapake mafuta maalumu, uyabane ndani ya kalibu ya chuma mpaka yapate umbo unalotaka (kazi tamu, nikishaianza husahau hata kula).

Jumapili moja ya baridi tulikuwa tunapokea posa ya Neema, binti wa dada yangu, na mimi mjomba ndiye msemaji wa upande wetu. Wageni saa nane. Saa saba nimeshavaa suti, nikajiambia nibane maganda mawili matatu tu wakati nasubiri. Mafuta maalumu yameisha. Nikatazama jikoni, nikaona samli.

Ganda la kwanza likaingia, halikutoka. Nikavuta, nikagonga, wapi. Nikaona dawa yake ni moto (hilo hakunifundisha mtu), nikaweka kalibu juu ya jiko la umeme. Samli ikafuka moshi, king'ora cha jikoni kikalia, mke wangu akauliza kutoka chumbani naunguza nini, na mimi kwa kuogopa asije akaona nikafungua mlango moshi utoke. Ukatoka kweli, ukajaa koridoni, na king'ora cha jengo zima kikaanza.

Watu wote wakateremka kwa ngazi. Wageni wetu, ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaingia chini na viatu vyao vya sherehe, wakarudishwa kwenye theluji. Nami nikatokea na kalibu mkononi, nimeishika kwa glavu ya oveni, sijui nilikuwa naiokoa ya nini. Zimamoto mmoja akaniuliza hicho ni kitu gani. Nikamweleza ukweli wote, kwamba ni ganda tupu la risasi, halina baruti, limekwama tu. Nilidhani nasema polepole. Nyuma yangu habari ikapita kwa Kiswahili, mdomo hadi mdomo, kwamba mjomba wa binti alikuwa anatengeneza risasi.

Mshenga wao, mzee mpole mwenye kofia ya manyoya, akanisogelea akanishika mkono.

"Mjomba," akasema taratibu, "sisi tumekuja kwa heri."

Neema akajificha begani kwa mama yake. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Mke wangu hakucheka, na hakunisemesha mpaka Jumatano.

Tuliporuhusiwa kupanda nilikaa sebuleni nanuka samli iliyoungua, dada yangu akasema kwa niaba yangu. Tangu siku hiyo kalibu iko gereji kwa rafiki yangu, na nimeapa wageni wakitarajiwa nitakaa kwenye kochi, mikono magotini, mpaka wafike. Ila ajabu ni kwamba kila mahari tuliyotaja wale watu waliikubali bila kubisha hata neno moja, na hadi leo, Neema ana watoto wawili, ukoo wa mumewe unaamini nilifanya makusudi.